Kitambaa Kikavu

Je, asubuhi ile nilipitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu, au sikupitisha?

Ni hilo tu. Mtu mwingine angelijibu swali hili akiwa anafunga kamba za viatu. Mimi lilininyima usingizi kwa miezi mitano. Nilikuwa nalala chali na kuufuatisha mkono wangu: unachukua ufito wa kusafishia, unaweka kitambaa, unasukuma. Picha ilikuja kila nilipoiita, na hapo ndipo taabu ilipokuwa. Kazi ile nilikuwa nimeifanya mamia ya asubuhi, na zote zilifanana. Sikuweza kujua kama asubuhi niliyokuwa naiona kichwani ndiyo yenyewe, au ni nyingine nimeiazima ili nipate kulala.

Ninawaandikia ninyi wadogo zangu mliomaliza chuo na kupata kazi kwenye kambi za uwindaji na vituo vya pembezoni mwa hifadhi. Najiita mstaafu na watu wananicheka, maana nina miaka thelathini na mmoja na ninauza dawa za mifugo hapa Katoro. Lakini nilifanya kazi moja kwa miaka sita, nikaiacha na sitairudia. Sijui neno jingine la hali hiyo. Nilikuwa mtunza silaha wa kambi ya uwindaji iliyokuwa magharibi ya Masumbwe, mahali ambapo mashamba yanakoma na msitu unaanza.

Mkifika kazini mtauliza kile nilichouliza mimi: mtutu wa bunduki ya kuwindia usafishwe mara ngapi, na kwa kiasi gani? Chuoni hawakutufundisha. Tulifundishwa majina ya nyasi. Kwa hiyo miezi yangu mitatu ya kwanza nilisafisha kila siku, iwe imepigwa au haijapigwa. Nilisugua mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kanzu ya mtumishi wa altare. Kikitoka na kivuli kidogo cha kijivu, naanza upya. Na nilikuwa naingizia ufito mbele, kwenye mdomo wa mtutu, kwa sababu niliogopa kuchomoa bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, nisije nikashindwa kuirudisha.

Aliyenikamata ni Mzee Nkwabi. Yeye ndiye aliyekuwa mpigaji wetu. Mnyama akitoka hifadhini na kuingia vijijini, na kibali kikipatikana, yeye ndiye aliyetumwa. Alikuwa mfupi, ana ndevu chache nyeupe, na alikuwa amezoea kuniita Digrii.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Digrii, unasugua nini hapo?"

"Nasafisha mtutu."

"Jana uliusafisha?"

"Ndiyo."

"Juzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na nani aliupiga katikati?"

Akainyakua ile bunduki, akachomoa bolti kama mtu anayetoa ufunguo mlangoni, akaigeuza na kunionyesha ukingo wa mdomo.

"Risasi inaagana na bunduki hapa. Hapa ndipo inapoambiwa iende wapi. Wewe unapitisha chuma chako hapa kila siku, kinagusa huku, kinagusa kule. Mwaka mmoja hivi na hapa patakuwa kama meno yangu." Akacheka na kunionyesha meno, ambayo hayakuwa mengi. "Unaisugua kama sufuria ya ugali. Hii haiivi, Digrii."

Nilichojifunza kwake nawapa hapa, maana huenda msimpate wa kuwaambia. Ingizia ufito nyuma, kwenye chemba risasi inapokaa, uende njia ya risasi. Ukishapiga, safisha siku hiyohiyo kabla mtutu haujasahau joto: kitambaa chenye dawa, subiri kidogo, brashi ya shaba mara chache, kisha vitambaa vitatu au vinne. Cha mwisho kikitoka kijivu, acha. Weupe wa kanisani hautakiwi. Kama haijapigwa, masika ichungulie kila wiki, maana unyevu huku unapanda mpaka kwenye nguo za sandukuni. Kiangazi mara moja kwa mwezi yatosha, ila ziba mdomo wa mtutu kwa plasta, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya nyigu.

Nyigu msimdharau. Ni yule wa udongo, anayejenga vijumba kwenye kuta na kwenye matundu ya funguo. Mzee Nkwabi aliwahi kufanya kazi na mlinzi mmoja aliyeegemeza bunduki yake ukutani wiki nzima bila kuichungulia. Nyigu akajenga ndani. Siku mlinzi alipopiga, mtutu ulivimba katikati kama nyoka aliyemeza yai. Yeye alipona na masikio yakapona, ila kila aliposikia nyigu alihama upande wa meza. Tulicheka sana. Sasa nikimkumbuka yule mlinzi sicheki, kwa kuwa angalau yeye alijua kosa lake ni lipi.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo linalonihusu. Bunduki ikilala stoo, mtutu hupakwa mafuta kidogo ndani ili usishike kutu. Siku ya kwenda kupiga, asubuhi, lazima upitishe kitambaa kikavu kuyaondoa. Mtutu wenye mafuta hutoa moshi wa bluu, na haupeleki risasi ya kwanza mahali ulipozoea. Ya pili itakwenda vizuri, kwa sababu ya kwanza imekwisha kuyafagia. Lakini nyati hakupi ya pili bure.

Mzee Nkwabi alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupakia risasi, huchomoa bolti, huelekeza mtutu kwenye mwanga na kuchungulia kwa jicho la kushoto. Hakuwahi kupakia bila kufanya hivyo. Nikamwuliza wakati fulani kwa nini haniamini.

"Nakuamini," alisema. "Mtutu ndio siuamini."

Sasa niwaambie kosa langu, lile ninalolijua kwa hakika. Mimi ni mtu wa hofu. Huwa narudi mara tatu kuhakikisha kama nimefunga mlango. Kambini tulikuwa na daftari la silaha: tarehe, namba ya bunduki, nani amechukua, hali ya mtutu, saini. Niliogopa kwamba asubuhi yenye haraka ningesahau kulijaza, mkuu wa kambi anikute na pengo. Kwa hiyo nilianza kulijaza jioni. Nikisikia kesho kuna safari, naandika kabisa ya kesho: *Mtutu safi, mkavu.* Halafu naweka saini na kulala. Asubuhi nafanya nilichokwisha kuandika. Niliuona huo kuwa uangalifu. Nilijisifu hata.

Siku ile tuliitwa kijiji jirani. Nyati dume mzee, aliyeachwa na kundi lake, alikuwa ameshinda siku mbili kwenye majaruba ya mpunga. Jioni tulipata kibali, nikajaza daftari. Asubuhi dereva alikuwa anapiga honi. Betri ya redio ya upepo, ile ya kuitana porini, ilikuwa imekufa nikawa natafuta nyingine, na mkuu wa kambi, Bwana Revocatus, alikuwa ananiuliza ziko wapi fomu. Nilitoka stoo nimebeba bunduki mkono mmoja na daftari mkono mwingine. Hayo nayakumbuka. Kilichotangulia hapo sikikumbuki.

Aliyetupokea ni mwenye shamba, Baba Kulwa. Alitaka kusimama nasi. Mzee Nkwabi akamwambia akae nyuma ya nyumba na mkewe na asitoke.

"Nyati wangu, shamba langu," alisema Baba Kulwa, "halafu mimi nijifiche na kuku?"

"Jifiche na kuku," alisema mzee. "Wao wana akili."

Tukasogea. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji ya majaruba. Nyati alikuwa hatua sitini hivi, amesimama ubavu. Mzee akapiga goti, akapakia. Hakuchungulia mtutu. Niliona kwamba hakuchungulia, na nikajiambia ni kwa sababu ya haraka. Akapiga.

Nyati aliruka, na nikaona imempata nyuma mno, mbali na bega. Palikuwa na moshi wa bluu mbele ya mtutu, au ulikuwa ukungu. Akakimbia upande ambao hapakutakiwa kuwa na mtu, kwenye matuta ya viazi, na Baba Kulwa alikuwa hapo, ametoka kwa kuku ili aone. Nyati alimrusha mara moja. Mzee Nkwabi alisimama, akapiga ya pili wakati mnyama anageuka kwa mbio, na nyati akaanguka palepale, kama gunia limetupwa kutoka kwenye lori.

Baba Kulwa hakufa. Nyonga yake ndiyo iliyovunjika. Alikaa hospitali muda mrefu na akatoka na magongo.

Bwana Revocatus hakuwa mtu mbaya. Alikaa nasi mezani, akafungua daftari na kusoma kwa sauti: "Mtutu safi, mkavu." Akamtazama mzee.

"Bunduki haikuwa na tatizo. Imeandikwa hapa. Hatua sitini, mnyama amesimama. Mzee wangu, una miaka mingapi sasa?"

Mzee Nkwabi hakutaja miaka. Aliitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi, na nikainamisha kichwa kwenye daftari kama mtu anayehakikisha herufi.

"Labda ni macho," alisema.

Akaondoka wiki ileile. Funguo za stoo nilikuwa nazo tayari. Mwezi uliofuata nikapewa na bunduki: mimi ndiye mpigaji mpya.

Mtasema ningesema siku ileile. Ningesema nini? Kwamba nilisahau? Sikujua kama nilisahau. Nilijiambia si haki kukiri kosa ambalo pengine hukulifanya, na nikaona hoja hiyo ni nzuri sana. Kisha nikaamua kupima. Niliomba ruhusa ya kurekebisha shabaha, nikabandika karatasi ya kalenda kwenye kichuguu na kuhesabu hatua sitini. Nikapaka mtutu mafuta kama ya usiku, nikapiga. Risasi ilikwenda kushoto na chini, vidole vinne. Ya pili, mtutu ukiwa umejifagia, ikaingia katikati. Vidole vinne kwa nyati, pamoja na mkono wa mtu kutikisika kidogo, ni tofauti kati ya moyo na mahali anapoweza bado kukimbia. Nikakaa chini pale kwenye nyasi. Nikasema: basi, nimejua.

Kesho yake nikarudia, maana ndivyo nilivyo. Mafuta yaleyale, hatua zilezile. Ilikwenda kushoto kidole kimoja tu.

Sikupima tena. Nilielewa kwamba karatasi ingenijibu kila siku jibu lake, na hakuna hata moja ambalo lingekuwa la asubuhi ile.

Wakati huo nilikuwa nimerudia kusugua. Nilisafisha asubuhi, nikasafisha jioni, nikaamka kuchungulia tena. Siku moja nilichungulia mwangani nikaona michirizo ya ndani, ile inayoizungusha risasi, imeanza kufifia karibu na mdomo. Bunduki niliyoachiwa na mzee ikiwa nzima nilikuwa naiua kwa kitambaa, bila kuipiga.

Nilikwenda kumwona Baba Kulwa, nimebeba sukari na sabuni. Alikuwa amekaa nje, magongo yamelala pembeni. Mkewe ndiye aliyezungumza.

"Wewe ni kijana mwema, unatukumbuka," alisema Mama Kulwa. "Yule mzee wenu hakuja hata siku moja. Atakujaje? Kipofu anapewa bunduki! Mmetuletea kipofu."

"Mama Kulwa, acha," alisema mumewe.

"Siachi. Mguu ni wa kwako, mdomo ni wangu."

Ilikuwa nafasi yangu. Nilifungua kinywa, nikasema, "Poleni sana," nikanywa uji walionipa mpaka ukaisha. Nilirudi kambini na sikula siku mbili.

Siku ya tatu ulikuja ujumbe: fisi wawili wamevamia zizi katika kijiji cha jirani, kibali kinafuatiliwa, mpigaji ajiandae. Nikachukua daftari jioni. Nikaandika tarehe ya kesho na namba ya bunduki. Nilipofika kwenye hali ya mtutu nikaona mkono wangu umekwisha kuandika *safi, m*, wenyewe, bila kuniuliza. Nikasimamisha kalamu. Asubuhi ilikuwa haijafika, na tayari nilikuwa nimeapa juu yake.

Alfajiri nilimwambia Bwana Revocatus kwamba sitakwenda kwa fisi, amwombe mpigaji wa kambi nyingine, nami nitarudi kabla ya jioni. Hakuelewa. Nikapanda bodaboda mpaka barabara kuu, nikaunga magari hadi Segese, kisha bodaboda nyingine.

Mzee Nkwabi alikuwa analinda karasha, mashine ya mwanawe ya kusaga mawe ya dhahabu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, vumbi jeupe limemjaa mpaka kwenye kope, na shingoni amevaa filimbi. Mtu niliyemwona akimwangusha nyati anayekimbia sasa alikuwa analinda mawe kwa filimbi.

"Mwangaluka, mzee," nilimsalimu kwa Kisukuma, nikaongeza na shikamoo, kwa woga.

"Marahaba. Nani huyo?" Akakunja macho. "Digrii! Sogea, sioni vizuri siku hizi."

Nikavuta ndoo, nikakaa, na nikamwambia yote huku karasha ikiunguruma: daftari la jioni, honi, betri ya redio, karatasi ya kalenda, vidole vinne, kidole kimoja. Ilinibidi nirudie mara mbili kwa sababu ya kelele, na kukiri kwa kupiga kelele ni adhabu ya aina yake. Akainua mkono, kijana wa mashine akaizima.

"Umetoka Masumbwe kote huko," alisema, "kuja kuniambia kwamba hukumbuki?"

"Ndiyo, mzee."

Akacheka, lakini haikuwa ile ya meno.

"Siku ile sikuchungulia mtutu. Unajua kwa nini? Nilikuona umeshika kitabu. Nikasema kijana ameandika, ameona. Nikakuamini wewe na bunduki yako pamoja." Akaishika filimbi, akaiachia. "Na moshi niliuona. Halafu nikasema hapana, ni macho, macho yangu ndiyo yanayoona moshi. Nimekaa hapa miezi mitano, Digrii. Baiskeli nimempa mjukuu, kwa kuwa mtu asiyeona hapandi baiskeli barabarani. Nimeacha kusoma somo kanisani. Nikimwona mtu mbali nasema simjui, hata nikimjua. Sasa hivi nilikujua tangu uko kwenye bodaboda."

Nilijua nilimnyang'anya kazi na jina. Sikuwa nimejua kwamba nilimnyang'anya na macho.

"Ile ya pili uliipiga mnyama akiwa mbioni," nilisema. "Asiyeona hawezi."

"Nililifikiria hilo. Kisha nikasema ni bahati." Akatazama ng'ambo ya barabara. "Pale, juu ya duka la betri. Ndege gani yule?"

"Sijui, mzee. Namwona mdogo tu."

"Njiwa. Ana mguu mmoja ameukunja." Akapangusa vumbi kwenye kope. "Wabeja, asante kwa kuja. Sasa nenda. Usikae hapa, nikikutazama sana nitakuchukia, na mimi ni mzee, chuki inanichosha."

"Nitamwambia mkuu."

"Mwambie nini? Utasema hukumbuki?"

"Hivyohivyo."

"Basi sema hivyo. Usiongeze ili upendeze."

Nilifika kambini jua likiwa bado juu. Bwana Revocatus alikuwa ofisini. Niliweka daftari mbele yake, nikafungua ukurasa wa siku ya nyati, na kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Unajua ukigusa hapo, anayeondoka ni wewe? Na huna hata uhakika."

"Sina."

"Basi acha. Mzee amekwisha kukubali mwenyewe."

"Alikubali kwa sababu ya neno hili," nilisema, nikaweka kidole juu yake. "Na neno hili niliandika kabla ya asubuhi yenyewe."

Hakunizuia. Nikachukua kalamu yake. Nikakata neno *mkavu* kwa mstari mmoja, bila kulifuta, ili lisomeke kwamba liliwahi kuandikwa. Juu yake nikaandika: *Niliandika haya jioni ya kuamkia siku hii. Kama mtutu ulikaushwa asubuhi, sikumbuki. Mpigaji asilaumiwe kwa ukurasa huu.* Nikaweka jina langu lote, la kwangu, la baba na la babu.

Kisha nikaenda stoo. Nikachomoa bolti, nikapitisha kitambaa kimoja kikavu kutoka nyuma, polepole, nikakitazama kilipotoka mbele. Kilikuwa kijivu. Nikakiacha hivyo. Nikafunga mlango, nikakivuta kitasa mara moja tu, nikampelekea mkuu funguo.